Niliandika Dodoma, ikatoka doma

Jioni moja ya mwezi wa Julai, upepo wa Dodoma ukipenyeza baridi na vumbi chini ya mlango, nilifungua faili lenye orodha ya wakulima wa zabibu wa chama chetu, nikaweka kishale mwanzoni kabisa mwa mstari wa kwanza, kisha nikaandika neno Dodoma. Mstari wote ulitoweka. Chini yake, kwenye mstari mpya ambao sikuuomba, zilikaa herufi nne tu: doma. Nikadhani kibodi imeingia vumbi, jambo ambalo huku kwetu si la ajabu, nikaandika tena kwa kugandamiza vitufe kwa nguvu zaidi, na safari hii ikasomeka domaDodoma. Nikajaribu kuhifadhi kwa njia niliyoizoea, yaani Ctrl na S, na skrini nzima ikaganda. Nilipoishiwa maarifa nilishika kitufe cha kuwashia kompyuta, nikakigandamiza mpaka ikakata roho.

Nieleze kwanza nilifikaje hapo. Mimi ni katibu wa chama kidogo cha wakulima wa zabibu upande wa Hombolo, na kwa kuwa mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, orodha ya nani ameleta kilo ngapi haipumziki. Zamani orodha hiyo ilikaa kwenye daftari la kaunta. Baadaye mpwa wangu, aliyesomea mambo ya kompyuta hapa hapa mjini, alituwekea orodha kwenye seva ndogo ya Linux tunayoikodi, yaani kompyuta ya mbali inayofikiwa kwa mtandao, ili viongozi wa Hombolo Bwawani na wa Hombolo Makulu waweze kuisoma popote walipo. Kompyuta yangu mpakato ni ya zamani, na intaneti ninaipata kwa kuiunganisha na simu. Kufungua programu nzito ya majedwali kwa bando la kupimapima ni kujitesa bure. Terminali, yaani dirisha la kuandikia amri kwa maandishi matupu, husafirisha herufi tu, na herufi hazili bando. Ndiyo maana mpwa wangu alinipa amri moja ya kuingia kwenye seva na amri nyingine ya kufungua faili kwa kihariri, yaani programu ya kuandikia na kurekebisha maandishi, kiitwacho Vim, akasahau, au pengine hakusahau, kuniambia kwamba kihariri hicho hakiandiki mpaka kiambiwe kwamba sasa tunaandika.

Alipopita nyumbani Jumamosi, akitokea mnadani Msalato na nyama yake kwenye mfuko, habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Shikamoo, mjomba. Nasikia umeizima kwa kitufe."

"Marahaba. Imekula mstari wa mtu, na mtu mwenyewe analeta zabibu zake keshokutwa."

"Haijakula, mjomba. Ulikuwa unaipa amri, nayo ikatii."

Tuliingia kwenye seva, tukafungua faili, na badala ya orodha likatokea onyo refu la kutisha likisema kwamba faili hilo lina nakala ya muda iliyoachwa na mtu ambaye hakutoka vizuri. Mtu huyo nilikuwa mimi. Mpwa wangu aliifuta nakala hiyo, na orodha ikafunguka salama, mstari wa kwanza ukiwa mahali pake, kwa sababu uharibifu wangu wote haukuwahi kuhifadhiwa. Kisha akanieleza jambo ambalo lingeniokoa kama ningelijua siku tatu mapema: mtu akifungua faili kwa Vim huwa yuko katika hali ya kawaida, na katika hali hiyo kila kitufe ni amri. D kubwa hufuta kuanzia kishale kilipo hadi mwisho wa mstari. Herufi o ndogo hufungua mstari mpya chini na kukuingiza katika hali ya kuandika. Herufi zilizosalia, yaani doma, zilitua kwenye mstari huo mpya kwa kuwa wakati huo ndipo niliporuhusiwa kuandika, na niliporudia neno lote mara ya pili likaandikwa kama lilivyo. Hata Ctrl na S haikuwa uchawi, kwani ni ishara ya kale ya terminali ya kusimamisha maandishi yanayokuja, na dawa yake ni Ctrl na Q.

Kitu hicho kilinifurahisha kuliko nilivyotarajia, kiasi kwamba tulitumia sehemu kubwa ya mchana ule tukiziandika wilaya za mkoa wetu moja baada ya nyingine katika hali ya kawaida, tukiangalia kila moja itafanya nini. Chamwino ilifuta mstari ikaacha hamwino, na Chemba ikafanya vivyo hivyo ikaacha hemba, kwa sababu C kubwa hufuta hadi mwisho wa mstari na papo hapo kukuweka tayari kuandika. Bahi ilirudi nyuma neno moja, ikachomeka hi baada ya herufi ya kwanza ya neno hilo. Kondoa na Kongwa, kwa sababu ya K kubwa, zilikwenda kutafuta kwenye miongozo ya mfumo maelezo ya neno lililokuwa chini ya kishale. Iliyotushinda kwa vituko ni Mpwapwa: iliruka hadi katikati ya skrini, ikabandika pale kitu tulichokuwa tumekifuta mwanzo, ikasogea neno moja mbele, halafu ikaandika pwa. Tangu siku hiyo sijasahau kazi ya M, p, w na a. Sidhani kama kuna kitabu ambacho kingenifundisha vizuri kuliko wilaya ya Mpwapwa.

Nilitaka kujua ni nani aliyebuni jambo la namna hii na alikuwa na ugomvi gani na watu. Nikakuta kwamba hakuwa na ugomvi, alikuwa na mtandao mbovu. Vim ni mjukuu wa kihariri kiitwacho vi, ambacho Bill Joy alikiandika mwaka 1976 alipokuwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani. Terminali aliyoitumia, ambayo enzi hizo ilikuwa mashine yenye skrini na kibodi, ADM-3A ya kampuni ya Lear Siegler, haikuwa na vitufe vya mishale vinavyojitegemea. Mishale ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L, na ndiyo sababu hadi leo herufi hizo nne ndizo zinazokipeleka kishale kushoto, chini, juu na kulia. Kitufe cha Esc, kinachokurudisha kwenye hali ya kawaida, na ambacho kwenye kibodi zetu kimetupwa pembeni kabisa juu, kwake kilikuwa mahali ambapo sisi tuna Tab, karibu na kidole kidogo, kwa hiyo kukibonyeza mara mia kwa siku hakukuwa adhabu. Naye alikuwa akifanya kazi akiwa nyumbani kupitia modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa laini ya simu, ya kasi ya biti 300 kwa sekunde, ambayo hupitisha herufi zipatazo 30 kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 yenye nafasi 80 kila mmoja ina nafasi 1,920, maana yake ni kwamba kuichora upya yote kulichukua zaidi ya dakika moja.

Nilipopiga hesabu hiyo nilimwelewa yule bwana moja kwa moja. Nimekaa Hombolo jioni, saa ambayo kila mtu amerudi nyumbani na kuwasha simu yake, nikabonyeza kitufe na kusubiri herufi moja ionekane kama mtu anayesubiri mvua ya Novemba. Katika hali hiyo, kuteremka mstari mmoja mmoja hadi mstari wa 60 kwa kitufe cha mshale ni kuteseka mara 59, ilhali kuandika 60G ni vitufe vitatu na safari moja. Kutafuta jina kwa alama ya mkwaju kisha jina lenyewe hukufikisha pale pale bila kupitia kwa majirani. Watu wenye intaneti ya kasi husema vihariri vya namna hii ni ushamba uliopitwa na wakati, nami siwalaumu, ila wangekuja kwanza wakae huku kidogo.

Kikwazo changu kikubwa hakikuwa kibodi bali lugha. Maelezo niliyokuwa nikiyasoma hueleza herufi hizi kwa maneno ya Kiingereza, na kwa muda wa wiki mbili nilihangaika kukariri herufi pamoja na Kiingereza chake, mizigo miwili juu ya kichwa kimoja. Kisha usiku mmoja, nikiwa ninatafuta namna ya kuongeza mstari, kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye o, na nikajisikia nikisema kwa sauti: ongeza. Nikakaa wima. Nikajaribu nyingine. Herufi i huingiza maandishi kabla ya kishale: ingiza. Herufi a hukuruhusu kuandika baada ya kishale: andika. Herufi p hupachika ulichokichukua. Herufi r hurekebisha herufi moja tu na kukurudisha ulipokuwa. Herufi n, baada ya kutafuta neno, hukupeleka kwenye nyingine. Herufi f, ikifuatwa na herufi unayoitaka, hukufikisha kwenye herufi hiyo katika mstari ule ule: fika. Kwa j na k, ambazo watu wengi huzichanganya, nilitumia jembe na kofia, kwa kuwa jembe hushuka chini na kofia hukaa juu.

Iliyonipendeza kupita zote ni d. Wengi huieleza kama kufuta, na mwanzoni nami niliielewa hivyo, lakini kinachofanyika hasa ni kudondoa, kwa maana kuku akidondoa mtama hautupi, anao. Kile unachokiondoa kwa d kinahifadhiwa, na ukisogea mahali pengine ukabonyeza p kinapachikwa hapo. Kwa hiyo kuhamisha mkulima kutoka juu ya orodha hadi chini ni dd, kusogea, na p. Herufi u inayotengua kosa niliiita umekosea. Herufi x haimo katika alfabeti yetu, lakini kila aliyepita shule ya msingi anaikumbuka kwenye daftari lake kwa wino mwekundu, na kazi yake hapa ni ile ile ya kuondoa kosa lililo chini ya kalamu. Herufi c, inayofuta na kukuacha uandike kitu kingine, nilishindwa kuipatia neno la staha, nikaibatiza chenji kwa lugha ya makonda. Zipo nyingine ambazo hazikukubali, kama w, nikaziacha zilivyo.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba amri hizi si orodha ya kukariri, bali ni sentensi. Kitenzi huja kwanza, kisha kinachotendwa: dw hudondoa neno, dap hudondoa aya nzima, ciw hubadilisha neno ulilo ndani yake hata kama kishale kiko katikati ya neno hilo, na ci ikifuatwa na alama ya mabano hubadilisha kila kilichomo mabanoni bila kuyagusa mabano yenyewe. Ukijua vitenzi vinne na nomino sita tayari una amri 24, na hukuzikariri hata moja. Mzungumzaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa, maana sisi tangu utotoni tunasema tutawapelekea, neno moja lenye mtenda, wakati, mtendewa, kitendo na alama ya kwamba kitendo hicho ni kwa ajili yake, kila kipande mahali pake, na hakuna mtoto aliyewahi kupewa jedwali la kulikariri. Tofauti niliyoiona ni kwenye idadi tu. Sisi husema dondoa maneno matatu, idadi ikiwa mwisho, ilhali Vim husema d3w, idadi ikitangulia neno, na hadi leo, nikiwa nimechoka, huandika dw kisha ninatafuta pa kuiweka 3.

Ujuzi mdogo una hatari yake, na yangu ilinifika mwezi wa Septemba. Mwenzangu mmoja aliyeingiza kilo za msimu alitenganisha maelfu kwa alama ya mkato, kama tunavyofanya kwenye risiti, huku faili lenyewe likitumia mkato huo huo kutenganisha namba ya mwanachama, kijiji na kilo. Mistari ilikuwa hivi:

17,Hombolo Bwawani,1,240
21,Hombolo Makulu,860
22,Hombolo Makulu,2,015

Mkulima wa kwanza, kwa macho ya kompyuta, alikuwa ameleta kilo moja. Nikaona hii ndiyo siku yangu. Nilianza kurekodi vitufe vyangu kwa qa, nikaandika $ ili niende mwisho wa mstari, F pamoja na mkato ili nirudi nyuma hadi kwenye mkato wa karibu, x ili niufute, j ili nishuke mstari unaofuata, na q ili kumaliza kurekodi. Kisha nikaamuru 85@a, yaani rudia kazi hiyo mara 85, na kabla sijanyanyua kikombe cha chai ilikuwa imekwisha. Niliinuka, nikatembea ukumbini kama mtu aliyejenga ghorofa.

Niliporudi kuketi niliona mstari wa mkulima namba 21. Yeye hakufikisha kilo elfu moja, kwa hiyo mstari wake haukuwa na mkato wa maelfu, na kihariri, kwa utii ule ule ulionifutia Dodoma, kiliufuta mkato uliokuwepo. Ukasomeka 21,Hombolo Makulu860. Nilibonyeza u mpaka orodha ikarudi ilivyokuwa, nikampigia mpwa wangu simu, naye akaniuliza swali moja tu: "Mjomba, mistari mibovu ina mikato mingapi?" Ina mitatu. Mizima ina miwili. Amri aliyonisomea, nami nikaiandika herufi kwa herufi, ilikuwa hii:

:g/,.*,.*,/normal $F,x

Maana yake ni kwamba katika kila mstari wenye mikato mitatu au zaidi, nenda mwisho, rudi hadi kwenye mkato, uufute. Mistari mingine usiiguse. Herufi g inayoianza amri hiyo imerithiwa kutoka kwa kihariri cha kale zaidi, ed cha Ken Thompson, na mtindo wake wa kutafuta mistari na kuichapisha ndio uliozaa jina la grep, programu ya kutafuta maneno ndani ya mafaili. Nilipoiendesha, mkulima namba 17 akawa na kilo 1240 na namba 21 akabaki na 860 zake. Nilipitia mistari yote 85 kwa macho hata hivyo, mmoja baada ya mwingine, nikiwa na daftari la kaunta pembeni. Kwenye fedha za watu sijafikia kuamini kitufe.

Mtandao nao hukatika. Siku moja nikiwa katikati ya kuingiza majina mapya, bando liliisha, terminali ikanyamaza, na nikajua nimepoteza nusu saa ya kazi. Niliponunua bando jingine na kufungua faili, lilitokea lile onyo refu la siku ya kwanza. Safari hii nililisoma. Vim huandika nakala ya muda pembeni kila baada ya herufi 200 au unapotulia kwa sekunde nne, na onyo lile lilikuwa likiniuliza kama ninataka kuirejesha kazi kutoka kwenye nakala hiyo. Nilibonyeza R, na majina yote yakawepo isipokuwa la mwisho, ambalo lilikuwa limeishia nusu. Sijawahi kushukuru onyo lolote la kompyuta kwa kiasi hicho.

Lipo jambo jingine ambalo Mwafrika Mashariki hawezi kulipita kimya. Ukifungua Vim bila faili lolote, katikati ya skrini mara nyingi hutokea maneno yanayokuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Mara ya kwanza nilidhani ni matangazo yaliyojipenyeza. Kumbe Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim kwa watu mwaka 1991, aliwahi kufanya kazi ya kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, na akaamua kwamba programu yake itakuwa ya bure, na anayetaka kulipa apeleke mchango kwa watoto hao. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023 akiwa na umri wa miaka 62, na toleo la 9.1 lililofuata lilitolewa kwa heshima yake. Ninafikiri mara nyingi juu ya ombi hilo, linalowatokea watu wa San Francisco na wa Tokyo likilitaja jina la nchi ambayo sisi huifikia kwa basi.

Mwezi uliopita mhazini wetu, mama mtu mzima mwenye asili ya Bahi na asiyependa kupotezewa muda, aliomba nami nimfundishe kuingiza malipo kwenye seva. Nilijiandaa. Nilimtolea hotuba ya jembe na kofia, ya kuku na mtama, ya hali ya kawaida na hali ya kuandika. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama hakuna kihariri kingine ambacho mtu akibonyeza herufi inaandika herufi. Nilitaka kusema hapana, lakini mpwa wangu alikuwepo. Akamfungulia nano, ambamo unaandika tangu unapoingia na amri kuu zimeorodheshwa chini ya skrini: Ctrl na O kuhifadhi, Ctrl na X kutoka. Mama aliingiza malipo ya wakulima kumi na wawili, akahifadhi, akatoka, akachukua mkoba wake na kutuaga, kwani daladala za jioni zilikuwa zinaanza kujaa. Mimi nilibaki mezani na mpwa wangu hadi saa mbili usiku, tukitafuta namna ya kufanya kwa vitufe viwili kazi ambayo nilikuwa ninaifanya kwa vitatu.